Siddhi: mtego unaomsubiri yogi aliyekwisha kwenda mbali

Wanafunzi wangu wa falsafa ya Kihindu hupenda kuniuliza kama kweli yogi, yaani mtu anayejizoeza yoga, anaweza kupaa, kusoma mawazo ya watu au kukumbuka maisha aliyoishi kabla ya haya. Swali linalonishughulisha mimi ni jingine. Mapokeo ya yoga yanazikubali nguvu hizi bila kificho. Kwa nini basi ndiyo hayo hayo yanayomwonya mtu asizitamani?

Yoga Sutra, kitabu cha msingi cha yoga kinachohusishwa na mwalimu wa kale wa India aitwaye Patanjali, ni kifupi mno: sura nne, aya zisizofika 200. Sehemu kubwa ya sura ya tatu inazungumzia nguvu hizo, zinazoitwa siddhi. Kuelewa sauti za viumbe vyote, kutoonekana, kupata nguvu za tembo, kuingia katika mwili wa mtu mwingine, yote yamo. Halafu, katikati ya orodha, aya ya 37 (matoleo mengine huihesabu ya 38) inasema kwamba hayo ni vizuizi kwa samadhi, ule utulivu wa ndani kabisa wa akili, japo kwa akili iliyoelekea nje ni mafanikio. Wapo wafafanuzi wanaoona onyo hilo linahusu tu nguvu zilizotajwa punde kabla yake. Kwangu mimi, sura yote inasukuma upande huo huo.

Sababu iko kwenye msingi wa mafundisho yenyewe. Yoga ya Patanjali inatenganisha purusha, yaani nafsi inayoshuhudia tu, na prakriti, yaani maumbile yote. Akili nayo, hata ikitakata namna gani, ni ya upande wa maumbile. Kinachomfunga mtu ni kuchanganya hivyo viwili: kuona shughuli za akili na kusema "huyu ndiye mimi". Sasa mpe mtu huyo akili inayoweza kuyaona yaliyofichika. Ile "mimi" aliyokuwa akipambana nayo miaka yote imepata chakula kipya, tena kitamu kuliko mali na sifa alizoziacha nyumbani.

Tena Patanjali anafungua sura ya nne kwa kusema siddhi zaweza kutokana na kuzaliwa nazo, mitishamba, mantra (maneno matakatifu yanayokaririwa), kujitesa kwa ibada, au samadhi. Ukiisoma aya hiyo kwa makini, utaona kwamba muujiza si ushahidi wa utakatifu. Mtu anaweza kuwa na nguvu na moyo wake ukabaki vile vile.

Sehemu inayonigusa kuliko zote ni aya ya 51 ya sura ya tatu (au ya 50), pamoja na ufafanuzi wa kale unaohusishwa na Vyasa. Vyasa anawagawa mayogi katika ngazi nne. Anayeanza hajaribiwi na mtu. Ni yule wa ngazi ya pili, aliyekwisha kupata ujuzi wa kweli, ambaye miungu humwendea na kumkaribisha: njoo ukae hapa, huyu hapa binti mzuri, hii hapa dawa ya kuzuia uzee na kifo, hiki hapa chombo cha kurukia angani. Yogi anafundishwa ajijibu moyoni kwamba ameungua mno katika makaa ya kuzaliwa na kufa, na kwa taabu ameipata taa ya yoga. Upepo wa tamaa ni adui wa taa hiyo. Kisha Vyasa anaongeza jambo ambalo wengi hulipita haraka: baada ya kukataa, asijivune hata kidogo kwamba "hata miungu inanitaka". Majivuno hayo yanatosha kumrudisha kulekule alikotoka.

Ramakrishna wa Dakshineswar, kando ya Kolkata (1836–1886), mwalimu wa kiroho wa Kihindu, aliwasimulia wafuasi wake habari za sadhu, yaani mtawa wa Kihindu, aliyejaa kiburi kwa siddhi zake. Mungu alimjia kwa sura ya mtawa, akamwomba amuue tembo aliyekuwa akipita. Sadhu akakariri mantra, akarusha vumbi, tembo akaanguka. Akaombwa amfufue, akamfufua. Mtawa akamuuliza: tembo amekufa na amefufuka, wewe umepata nini?

Ndiyo maana huwa na wasiwasi ninapoona mafunzo ya yoga yakinadiwa kwa ahadi ya kufungua "jicho la tatu", yaani uwezo wa kuona yaliyofichika, ndani ya wiki chache. Anayeingia kwa kutafuta nguvu ameshika njia kwa upande unaomfunga, kabla hata hajajifunza kukaa kimya. Ushauri wa walimu wa zamani ni mgumu, lakini nauamini: ukiona mwanga, ukajua jambo kabla halijatokea, mweleze mwalimu wako peke yake, usilifanyie onyesho mbele ya watu, kisha urudi kwenye zoezi lako la kila siku. Patanjali mwenyewe anakwenda mbali zaidi. Anasema ukombozi hupatikana mtu anapokosa shauku hata ya uwezo wa kujua na kutawala kila kitu.