Kupitisha mrija puani bila kumwaga damu

Mtu akivunjika taya kwenye ajali ya bodaboda, na hapa Kisumu hao tunawaona sana, daktari wa upasuaji hutaka meno ya juu na ya chini yakutane sawasawa kabla hajayafunga kwa waya. Mrija wa kupumulia ukiwa mdomoni, hayakutani. Ndiyo maana sisi wa nusukaputi tunaupitisha puani.

Wenzangu hubishania sana kifaa cha kuuingizia kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho mlangoni mwa njia ya hewa. Mimi naona ubishi huo umechelewa. Damu hutoka puani, na ikishatuama kooni hata kifaa cha bei kubwa hakikuonyeshi kitu. Faibaskopu, ule mrija mwembamba unaopindika wenye jicho nchani, ndiyo inayopofuka mapema.

Kwa hiyo kazi yangu kubwa ni pua. Natia matone ya zailometazolini, dawa ya kubana mishipa ya damu, matundu yote mawili, nangoja mishipa inywee. Mrija, namba 6 au 6.5 kwa watu wazima wengi, nauloweka kwenye maji ya chumvi ya vuguvugu, yaliyo safi kabisa, hadi ulegee. Halafu nausukuma kuelekea kisogoni, ukitambaa sakafuni mwa pua. Ukielekezwa juu, machoni, utakutana na vijifupa laini vinavyoweza kung'oka.

Mbinu ninayoipenda zaidi ni rahisi mno. Ncha ya mrija unaichomeka kwenye mdomo mpana wa katheta, kijimrija chembamba, laini, cha mpira. Katheta inatangulia puani, unaidaka kooni na kuitoa kwa mdomo, na mrija unaifuata kama gari bovu linalovutwa kwa kamba. Ncha kali haikwangui nyama. Sijui kwa nini wengi huiruka, labda kwa sababu haina skrini.

Kutoka kooni, laringoskopu ya kawaida, kifaa cha kuinulia ulimi ili zoloto ionekane, na koleo la Magill, lililopinda ili kushika mrija kooni, vinatosha, ila koleo likibana puto la mrija, lile la kuziba njia ya hewa kuuzunguka, litalitoboa. Ujanja mwingine ni kulijaza puto hewa, mililita 15 hivi, ncha inyanyuke kuelekea mlango wa zoloto. Ikiingia, toa hewa, sukuma. Laringoskopu ya video inaona vizuri zaidi, na mara nyingi koleo halihitajiki. Kupitisha bila kuona, ustadi wa madaktari wa nusukaputi Magill na Rowbotham huko Uingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nauheshimu, lakini kwa uso uliovunjika siutaki. Kila jaribio ni mkwaruzo mwingine.

Jipu la chini ya ulimi likizuia mdomo kufunguka, basi ni faibaskopu, mgonjwa akiwa macho na pua imetiwa ganzi.

Na baada ya ajali, ukiona maji mepesi yakichuruzika puani na weusi kuzunguka macho yote mawili, shuku ufa chini ya fuvu, uache pua. Mrija unaweza kupitishwa mdomoni kisha mwisho wake wa nje utokezwe kwenye tundu lililopasuliwa chini ya kidevu, njia aliyoieleza daktari wa upasuaji Hernández Altemir mwaka 1986.

Aliyefungwa meno akirudi wodini, mkasi wa kukatia waya unaenda naye hadi kitandani. Akianza kutapika, muuguzi hana muda wa kuutafuta kabatini.