Dawa nyeupe ya kuziba jino: hofu yangu iko kwenye taa

Maji ya upande wa Meru yana floridi nyingi, ndiyo maana wengi waliokulia Maji ya Chai au Ngurdoto wana meno ya kahawia. Kwa hiyo hapa Arusha komposeti, ile dawa nyeupe, tunazibia matundu na tunafunikia madoa pia. Na wagonjwa huuliza: “Daktari, haina sumu hiyo?”

Zimo kemikali zinazodhuru seli, nami sifichi. La msingi ni kiasi gani kinabaki bila kuganda.

Komposeti ni unga wa glasi uliochanganywa na rizini, yaani monoma (molekuli zinazoweza kuunganishwa) kama Bis-GMA na TEGDMA. Mwanga wa bluu, karibu nanomita 470, huziunganisha zikawa kitu kigumu. Haziungani zote, kwa kawaida mwungano hufikia asilimia 50 hadi 75. Zilizobaki huru huvuja, hasa katika saa 24 za mwanzo. TEGDMA ni molekuli ndogo, hupenya upesi. Katika maabara humaliza glutathioni, kinga ya seli dhidi ya oksijeni kali, na dozi ikizidi seli hufa. Naziamini tafiti hizo, ila seli za kwenye kisahani hazina mate wala damu ya kuondoa kemikali, na juu yake hakuna dentini, lile tabaka gumu linalozunguka kiini cha jino, ya kuichuja. Tundu likiwa limekaribia kiini cha jino, dentini imebaki nyembamba mno, nami hutandika kwanza dawa ya kukinga.

Ninapokuwa mkali ni kwenye taa. Taa iliyochoka bado hung'aa machoni. Dawa hukauka juu, chini ikabaki mbichi, jirani kabisa na kiini. Nguvu ya taa ipimwe kwa kipimo, ncha isogezwe karibu, na kila tabaka lisizidi milimita 2. Uso wa juu haugandi vizuri kwa sababu ya oksijeni ya hewani, hivyo lazima usuguliwe, na mgonjwa asukutue na kutema.

Jambo moja zaidi, hasa kwa akina dada. HEMA, monoma nyingine iliyomo kwenye gundi nyingi tunazoshikishia komposeti, imo pia kwenye jeli nyingi za kucha za saluni. Hupita hata kwenye glavu za mpira, ndiyo maana wauguzi wetu wa meno hupata mzio wa vidole. Kama jeli ilishakuwasha au kukubabua ngozi pembeni ya kucha, niambie kabla sijafungua chupa. Ipo dawa nyingine ya kuziba, glasi-ayonoma isiyo na rizini, inayoganda bila taa.