Daraja la sarafu: lebo ya kasha inathibitisha nini?

Sarafu za kale hazijakauka Lamu. Zimo makabatini mwa nyumba za zamani, zimo kwenye maduka ya vitu vya kale, na masonara nao bado wanaletewa: paisa za Sayyid Barghash za mwaka 1299 wa Hijria zenye picha ya mizani, sarafu za 1888 zenye jina la Mombasa, senti za mkoloni zenye tundu katikati, na riale za fedha zenye kichwa cha Maria Theresa. Siku hizi, hasa kwa anayenunua mtandaoni, kuna aina nyingine: sarafu iliyofungwa ndani ya kasha gumu la plastiki, na juu yake lebo yenye nambari. Muuzaji hukwambia, “Hii imepimwa Marekani, ndugu yangu, haina maneno.” Maneno yapo, na anayetaka kutoa pesa zake ni vizuri ayajue kabla hajazitoa.

Kupima daraja ni hivi. Mwenye sarafu anailipia kampuni. Wataalamu wa kampuni wanaichunguza kama ni halisi, kisha wanaipa nambari kati ya 1 na 70 kulingana na hali yake. Ikishapata nambari inafungwa kwenye kasha ambalo huwezi kulifungua bila kulivunja, na inapewa nambari ya cheti. Kampuni mbili zinazoaminiwa zaidi ni PCGS, iliyoanza kazi mwaka 1986, na NGC, iliyofuata mwaka 1987, zote za Marekani. Zilizaliwa kwa sababu wauzaji walikuwa wakijipimia wenyewe. Sarafu ile ile ilikuwa “safi kabisa” siku ya kuuzwa na “imechakaa kidogo” siku ya kununuliwa, na mnunuzi wa kwa posta hakuwa na la kufanya.

Kipimo chenyewe kilibuniwa mwaka 1949 na Mmarekani William Sheldon kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake. Alikusudia nambari ioane na bei: sarafu ya 70 iwe na thamani mara 70 ya sarafu ya 1. Bei ziliuacha mpango huo zamani, lakini nambari zikabaki na kutandazwa kwa sarafu za dunia nzima. Leo kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haikuingia kwenye matumizi, na 70 ni ile isiyo na dosari hata ikitazamwa kwa lenzi inayokuza mara 5.

Lebo moja inabeba majibu ya maswali mawili tofauti, na hapa ndipo watu wanapochanganya. Swali la kwanza ni kama sarafu ni halisi. Hilo lina ushahidi wa kushikika: uzito, madini, upana, maandishi ya ukingoni, namna chuma cha kuchapia kilivyoacha alama zake. Riale halisi ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na fedha yake ni sehemu 833 kati ya 1,000. Kampuni kubwa hutoa dhamana juu ya jibu hili, na kwa maoni yangu hapa zinastahili kuaminiwa sana, ingawa wataalamu nao ni binadamu.

Swali la pili ni hali yake, na hapo hakuna rula. Wakata mikoko wetu hutenganisha miti ya daraja la mazio na ya daraja la boriti kwa unene. Ukibisha, mnapima tena na ubishi unakwisha. Tofauti ya 64 na 65 kwenye sarafu haipimwi hivyo. Ni jicho la mtaalamu likitazama mng’ao, mikwaruzo, na ukali wa mchapo. Kwa kawaida hutazama zaidi ya mmoja, kila mtu peke yake, kisha jibu moja linapitishwa. Utaratibu ni mzuri, lakini kinachotoka ni maoni ya watu wenye ujuzi. Mwaka 1990 tume ya serikali ya Marekani inayolinda walaji iliifikisha PCGS kwenye makubaliano kuhusu matangazo yake, yaliyowafanya watu waamini kwamba upimaji wake hauna upendeleo wala tofauti. Mwaka 2003 jarida la Coin World lilichapisha jaribio lake: sarafu zile zile zilipelekwa kwa kampuni kadhaa, na hakuna hata moja iliyopata daraja moja kwa kampuni zote. Nyingine zilitofautiana kwa alama hadi 7.

Wafanyabiashara wanalijua jambo hili na wanalitumia. Mtu anavunja kasha, anairudisha sarafu kupimwa upya, na akipata alama moja zaidi, faida yake ni kubwa, kwa sababu bei huweza kuruka sana kati ya nambari mbili zinazofuatana. Ndiyo maana John Albanese, aliyeanzisha NGC, alianzisha mwaka 2007 kampuni nyingine, CAC, ya kukagua sarafu za Marekani ambazo tayari zimo makashani na kubandika kibandiko kwenye zile inazokubaliana na daraja lake. Soko limelazimika kuwapima wapimaji.

Kwa sarafu zetu za pwani kuna mambo mawili ya kutazama kwa makini zaidi. La kwanza ni umri. Kila riale ya Maria Theresa imeandikwa 1780, mwaka aliofariki, lakini ziliendelea kuchapwa kwa tarehe hiyo hiyo mpaka karne ya 20: Vienna, kisha Roma kuanzia 1935 wakati Italia inaivamia Uhabeshi, London mwaka uliofuata, hata Bombay. Kwa hiyo riale yenye 65 kashani inaweza kuwa na umri wa babu yako tu. Soma lebo kama inasema ni mchapo wa baadaye, na wa wapi, kabla hujaitazama nambari.

La pili ni masonara. Riale nyingi za huku zilivaliwa. Igeuze moja pole pole kwenye mwanga wa dirishani, tazama ukingo juu ya kichwa: utakuta kiraka cha rangi ya kijivu, kilicholainika, herufi mbili tatu za ukingoni zimezama. Hapo palikuwa na lehemu ya kishikizo cha mkufu. Kampuni haitampa mwenyewe nambari. Itaandika kwamba ni halisi lakini ilitiwa kishikizo, na bei inashuka. Kampuni haijakosea, imefuata kipimo chake. Ila kipimo hicho hakikutengenezwa kutambua kwamba riale hii ilikuwa shingoni mwa bibi arusi, na mimi naona kwa mtu wa Lamu alama ile ni sehemu ya thamani yake.

Hali ni hiyo hiyo kwa kusafisha. Ukwaju, ndimu na majivu vinang’arisha sufuria ya shaba, lakini kwenye sarafu huacha mistari myembamba ambayo mtaalamu anaiona mara moja, na nambari inakosekana. Iache na kutu yake.

Kasha lenyewe pia linaghushiwa. Wapo wanaoiga plastiki, lebo na hologramu, na wanaweka nambari ya cheti ya kweli waliyoichukua kwa sarafu nyingine. Kwa hiyo kuandika nambari kwenye tovuti ya kampuni na kuona imekubali hakutoshi. Tafuta picha ikiwa imewekwa, linganisha mikwaruzo mmoja mmoja. Na jina la kampuni usilipite: zipo ndogo zinazogawa 70 kwa ukarimu, na nambari zao hazina uzito sokoni.

Kupeleka sarafu Florida kwa NGC au California kwa PCGS kuna ada, usafirishaji, bima na forodha. Kwa senti ya tundu ya kawaida ni hasara tupu. Kwa sarafu adimu ambayo mnunuzi wake yuko ng’ambo, inaweza kulipa.

Iliyotoka ardhini ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamepata kisiwani Manda sarafu ya Yongle, mfalme wa China aliyetawala 1402 hadi 1424, na miaka michache kabla nyingine ilipatikana Mambrui, karibu na Malindi. Kilichozipa uzito ni mahali zilipolala na vilivyokuwa kando yake, na hakuna lebo ya kuandika hilo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu kama hivyo na hairuhusu kuvitoa nchini bila kibali. Ukikuta sarafu magofuni, usiioshe wala usichimbe zaidi. Weka alama ya mahali, piga picha, na uwaarifu Makumbusho ya Lamu.