Mtego wa mafuta si chujio

Nimelisikia tena wiki iliyopita. Mwenye mgahawa anamwambia fundi bomba kwa kujiamini: "Chujio la mafuta ninalo, mwaka wa pili huu, na halijawahi kuziba."

Alichonacho ni mtego wa mafuta: sanduku au chemba yenye mfuniko, inayokaa kati ya sinki la jikoni na bomba la majitaka ili mafuta yabaki humo, yasiende kuganda kwenye bomba la mtaa mzima. Maana yake ni hiyo tu. Kinachonikera ni hilo neno "chujio".

Kuchuja ni kupitisha kimiminika kwenye matundu, kigumu kikabaki: tui, chai, maji ya kisima. Mafuta yaliyotoka kukaanga chipsi nayo ni kimiminika. Chujio la sinki litanasa punje za wali na miiba ya samaki, mafuta yatapita yakagandie mbele ya safari.

Kutega ni jambo lingine. Unatega ndoo chini ya gata mvua ikinyesha, mvuvi anatega dema, wewe unatega sikio. Hata kitendawili huitikiwa "Tega!" Anayetega huandaa mahali, kisha hungoja. (Anayetega kazini naye hungoja, ila huyo tumwache.) Chemba yetu inafanya hivyohivyo. Maji yakiingia yanakuta nafasi pana, yanapunguza mwendo, yanapoa. Mafuta ni mepesi kuliko maji, basi yanaelea, makombo yanazama. Mdomo wa bomba la kutokea umetumbukizwa chini ya utando wa mafuta, kwa hiyo kinachotoka ni maji ya katikati. Hapachujwi kitu hapo, panangojwa.

Ndiyo maana kumwaga maji ya moto na sabuni nyingi "kusafisha laini" ni kujidanganya. Sabuni huyavunja mafuta kuwa matone madogo yasiyowahi kuelea, yanatoka na maji, kisha yanashikana huko chini. Mwaka 2017 mafundi wa London walikuta chini ya mtaa wa Whitechapel donge la mafuta na vitambaa vya kujifutia, urefu mita 250, uzito tani 130 hivi. Lilikuwa gumu kama zege, maana mafuta yakikutana na kalisi (madini yaliyomo kwenye chokaa) humo bombani hugeuka kitu cha jamii ya sabuni.

Neno likikosewa, matunzo nayo yanakosewa. Chujio likijaa utajua, maji yatasimama kwenye sinki. Mtego ukijaa maji yanaendelea kupita kama kawaida, na mafuta nayo yanapita. Kanuni ya mafundi wengi ni kuukomba kabla utando wa juu na tope la chini havijafika robo ya kina.

Kwa hiyo, kaka, huo wako haujaziba, ni kweli. Funua tu mfuniko kidogo tuone.