Kupima bandama: anzia chini kulia, si chini ya mbavu

Bandama ambalo ni rahisi kulikosa ni lile kubwa kuliko yote. Ukipeleka vidole moja kwa moja chini ya mbavu za kushoto wakati bandama limeshavuka kitovu, mkono unatua juu ya bandama lenyewe. Hakuna ukingo wa kugusa. Ugumu ni uleule kila mahali, unadhani mgonjwa amekaza tumbo, unaandika hivyo kwenye kadi na kumwita anayefuata. Huku kwetu kusini mwa Tanzania, kuanzia Kilwa na Liwale hadi Newala na Tandahimba, malaria bado ni ugonjwa wa kila msimu wa mvua, na kosa hilo humrudisha mtu nyumbani na ugonjwa wake uleule.

Bandama, ambalo vitabu vingine huliita wengu, hukaa nyuma ya mbavu ya 9, ya 10 na ya 11 upande wa kushoto. Kwa mtu mzima lina urefu wa karibu sentimita 12 na uzito wa gramu 150 hivi. Likiwa la kawaida halishikiki, na kwa mtu mzima hufika mara mbili hata tatu ya ukubwa wake ndipo lichungulie chini ya mbavu. Likikua halishuki wima. Linakata tumbo kwa mshazari, likielekea kitovu, kisha kinena cha kulia. Ndiyo maana mkono unaanzia huko linakokwenda, unalifuata linakotoka.

Kwanza mwache mgonjwa akojoe. Alale chali, mto mmoja kichwani, mikono ubavuni, magoti yakunjwe kidogo. Simama upande wake wa kulia. Kitanda kikiwa kifupi, kaa kwenye kigoda ili kiganja kilale sambamba na tumbo. Sugua mikono ipate joto. Mtu mzima umwamkie na kumwomba ruhusa: "Shikamoo bibi, naomba nikupapase tumbo. Panauma wapi?" Panapouma papapaswe mwisho. Kama bibi anakielewa Kimakonde zaidi ya Kiswahili, usimpigie kelele. Vuta pumzi mbele yake kwa mdomo wazi, atakuiga.

Tazama kabla ya kugusa. Makovu ya chale yaliyopangika chini ya mbavu za kushoto yanakwambia kwamba tumbo hilo limesumbua siku nyingi, na kuna mtu alishajua mahali penyewe. Angalia weupe wa ndani ya kope, umanjano wa macho, na tezi za shingoni, kwapani na kinenani.

Sasa mkono wa kulia. Ulaze bapa juu kidogo ya kinena cha kulia, vidole vikielekea kwapa la kushoto. Mkono wa kushoto uupitishe juu ya mgonjwa, ushike mbavu za chini za kushoto kwa nyuma na kuzivuta mbele taratibu. Mwambie, "Vuta pumzi ndani kabisa... toa." Anapovuta, mkono wako utulie, umezama kidogo tu, ukisubiri. Anapotoa, usogeze sentimita 2 kuelekea mbavu za kushoto. Rudia hadi ufike kwenye mbavu. Wengi hukosea hapa: wanasukuma wakati mgonjwa anavuta, au wanaruka sentimita 5 kwa mkupuo. Pumzi ndiyo inayolishusha bandama. Ukilisukuma linarudi juu, na ukiruka unalipita. Likiwepo, utahisi ukingo ukija kugonga ubavu wa kidole cha shahada, kisha unapanda tena. La malaria ya siku chache huwa laini na lina maumivu. La miezi mingi huwa gumu na mara nyingi haliumi.

Usipolipata, mgeuze alalie ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, urudie kwa upole chini ya mbavu. Bandama dogo huangukia mkononi kwa mkao huo. Usikandamize kwa nguvu hata mara moja: bandama lililovimba ghafla linaweza kupasuka.

Kugonga kunasaidia pale vidole vinaposita. Mgonjwa akiwa chali, tafuta nafasi ya mwisho kabisa kati ya mbavu, kwenye mstari unaoshuka kutoka ukingo wa mbele wa kwapa la kushoto. Njia hii ilielezwa na daktari Castell mwaka 1967. Gonga akiwa ametoa pumzi, kisha gonga tena akiwa amevuta pumzi nyingi. Kwa kawaida sauti hubaki ya uwazi nyakati zote mbili. Ikigeuka nzito anapovuta, bandama linashuka hadi pale, nawe urudi kupapasa kwa makini zaidi. Mtu aliyetoka kula ugali anaweza kukupotosha, maana tumbo lililojaa chakula hutoa sauti nzito vilevile. Maji kwenye kifua cha kushoto hufanya hivyohivyo, kwa hiyo gonga na usikilize mapafu kwa nyuma kabla ya kulisingizia bandama. Kuna na kinyume chake: mapafu yaliyotutumka kwa ugonjwa wa muda mrefu hukisukuma chini kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na bandama lisilo na ugonjwa likaguswa.

Uvimbe wa kushoto unaweza kuwa figo. Jaribu kupenyeza vidole kati ya uvimbe na mbavu. Kwa bandama havipiti. Kwa figo mara nyingi vinapita. Bandama lina pengo kwenye ukingo wake wa ndani, hushuka kwa mshazari na pumzi, na likigongwa sauti ni nzito. Mbele ya figo kuna utumbo wenye hewa, hivyo sauti huwa ya uwazi.

Kisha pima. Tepu ya fundi cherehani inatosha. Toka ukingo wa mbavu, kwenye mstari unaoshuka wima kutoka katikati ya mtulinga wa kushoto, hadi ncha ya bandama, andika sentimita na tarehe. "Bandama kubwa" peke yake haimsaidii atakayemwona mgonjwa mwezi ujao. "Sm 9, gumu, haliumi" inamsaidia. Mpango wa Hackett wa mwaka 1944, unaoupa ukubwa wa bandama daraja kuanzia 0 hadi 5, nao bado unafaa: 0 haliguswi, 1 linaguswa kwa pumzi nyingi tu, 2 halipiti nusu ya njia ya kwenda kitovuni, 3 halivuki kitovu, 4 limevuka kitovu lakini halijapita nusu ya njia ya kwenda mfupa wa kinena, 5 limepita hapo.

Ukubwa unaelekeza fikra. Bandama lililovuka kitovu huku kipimo cha haraka cha malaria ni hasi halijaiondoa malaria: mwili unaoumwa malaria mara kwa mara kwa miaka unaweza kulikuza hivyo, na vimelea visionekane kwenye damu. Mgonjwa wa namna hiyo hutibiwa kwa miezi, huku tepu ikionyesha kama linapungua. Lisipopungua, saratani ya damu lazima itafutwe. Kichocho nacho hutajwa haraka mno. Kile cha pwani yetu ni cha mkojo. Kinacholiumiza ini hadi bandama likajaa ni kile cha utumbo, kinachojulikana zaidi kandokando ya Ziwa Victoria. Muulize mgonjwa alikoishi.

Mtoto mwenye selimundu ana kanuni yake. Bandama lake linaweza kufyonza damu na kuvimba ndani ya saa chache, akapauka na kulegea. Mama yake afundishwe kulipapasa nyumbani, kila siku na kila mtoto anapopata homa, na aonyeshwe kwa vidole vyake mwenyewe lilipoishia leo. Likizidi hapo, aje usiku huohuo; anaweza kuhitaji damu.

Na mwenye bandama kubwa akianguka kwenye mkorosho au pikipiki, kisha akalalamika maumivu ya ubavu yanayopanda bega la kushoto, usirudie kumpapasa ili kuhakikisha. Hesabu mapigo, pima presha, weka sindano mbili nene za mshipani, chukua damu ya kujua kundi, na gari liondoke kwenda hospitali yenye upasuaji.