Kabla hujamnukuu Jaji Coke mahakamani

Hoja za maandishi zinazomtaja Edward Coke, jaji wa Uingereza wa karne ya 17, zinaongezeka, hasa za wadaawa wanaojisimamia wenyewe. Nia ni njema, ila makosa ni yaleyale.

Tazama mwaka kwanza. Coke (hutamkwa "Kuk") alikuwa Mwanasheria Mkuu tangu 1594, kwa hiyo maneno yake makali dhidi ya Walter Raleigh, aliyeshtakiwa kwa uhaini mwaka 1603, ni ya mwendesha mashtaka. Ujaji aliupata 1606, katika mahakama ya Common Pleas. Mwaka 1613 akahamishiwa mahakama nyingine, King's Bench, na 1616 Mfalme James akamfukuza. Ombi la Haki (Petition of Right) la 1628, la Bunge kwa mfalme, alilipigania akiwa mbunge. Si hukumu, tafadhali.

Kauli inayopendwa kuliko zote, kwamba mfalme yuko chini ya Mungu na sheria, aliichukua kwa Bracton, mwanasheria wa Uingereza wa karne ya 13. Kisa cha yeye kumkabili mfalme kwa kauli hiyo bila kutetereka alikiandika mwenyewe, na kikachapwa baada ya kifo chake cha 1634. Barua ya wakati ule inasema Coke alianguka chini akiomba msamaha.

Kesi ya Dk. Bonham ya 1610 ndiyo yenye faida. Chuo cha Matabibu cha London kilimtoza faini na kumfunga, huku nusu ya faini za namna hiyo ikiwa ya chuo chenyewe. Coke akasema mtu hawi hakimu katika shauri lake mwenyewe. Nukuu hapo. Watu lakini hurukia sentensi ya jirani, kwamba common law (sheria ya Kiingereza itokanayo na maamuzi ya mahakama) yaweza kubatilisha sheria ya Bunge. Kwetu Tanzania jambo hilo la sheria kubatilika limo Ibara ya 64(5) ya Katiba. Kulifuata London ya 1610 ni kumpotezea jaji muda.

Marejeo huandikwa hivi: (1610) 8 Co Rep 118a. "Co Rep" ni ripoti za kesi za Coke, namba 8 ni sehemu ya ripoti hizo, 118 ni karatasi, "a" ni upande wa mbele wa karatasi hiyo na "b" wa nyuma. Ambatisha nakala ya ukurasa husika. Kumbuka pia kifungu cha 2(3) cha JALA (Judicature and Application of Laws Act), Sura ya 358: common law hutumika Tanzania Bara kama ilivyokuwa Uingereza tarehe 22 Julai 1920, tena kadiri mazingira ya nchi yanavyoruhusu.

Nukuu ya uongo si jambo dogo: wakili anayeipotosha mahakama kwa makusudi anaweza kufikishwa Kamati ya Mawakili, yenye uwezo wa kumwonya, kumsimamisha au kuamuru jina lake liondolewe kwenye orodha ya mawakili.