Natron: mlima kulipuka sio ishu kubwa, ishu ni maji

Kila baada ya muda zile picha zinarudi mtandaoni, popo na ndege wamekakamaa weupe pee, na chini yake maandishi "ziwa la Tanzania linalogeuza wanyama kuwa mawe". Zikirudi tu simu yangu inajaa watu wanaouliza kama ni kweli, manake wanajua kazi yangu ni ndege wa maji na kwenye ziwa hilo, Natron, ndo nashinda. Jibu fupi ni hapana. Wale walikufa kwanza, magadi yakawakausha pale ukingoni, mpiga picha akawaokota akawapanga juu ya matawi wakae pozi, na mwenyewe alisema wazi kwamba aliwapanga. Hakuna kiumbe anagusa maji yale anageuka jiwe hapohapo. Ingekuwa hivo basi robo tatu ya flamingo wadogo (jamii ya lesser flamingo, sio watoto) wa dunia nzima wasingekuwa wanazaliwa pale. Ndio, robo tatu, na kwa Afrika Mashariki ndo sehemu pekee wanayozaliana kwa uhakika, kwingine kote unakowaona, Nakuru, Bogoria, Manyara, Momella, wanakuja kula tu.

Swali la pili huwa ni la ule mlima wa volkano jirani na ziwa. Lengai ikilipuka si ndo basi?

Sasa hapa nikae kidogo, kwa sababu watu wengi hii wanaielewa kinyume. Ol Doinyo Lengai uko kusini mwa ziwa, karibu mita 3,000 juu, na ndio volkano pekee duniani hai inayotoa lava ya aina yake. Lava ya kawaida imejaa silika (madini yaleyale ya mchanga) na inatoka na joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Ya Lengai imejaa kaboneti ya sodiamu, inatoka na nyuzi kama 500 hadi 600 hivi, nyeusi, nyepesi, inatiririka kama oili chafu ya gari, mchana huoni hata ule wekundu. Ikikaa kwenye hewa yenye unyevu inageuka nyeupe, mvua ikinyesha inaiyeyusha na kuishusha bondeni. Unaona inakoelekea? Sodiamu hiyo, pamoja na ile inayotoka kwenye chemchemi za moto na miamba ya volkano za zamani, inaishia ziwani, ziwa lenyewe halina mto unaotoka, jua linakausha maji na magadi yanabaki. Ni magadi yaleyale mama anaweka kwenye maharage. Maji yanafika pH ya 10 na ushee, kina hakifiki hata mita tatu, na ndani yake vinaota vile vijimea vidogo sana vya kijani vinaitwa spirulina, ambavyo flamingo mdogo anachuja na mdomo wake kichwa chini juu. Ile pinki yote anaipata humo.

Na sio ziwa tu. Majivu ya Lengai na ya mlima Kerimasi jirani yake yalipeperushwa na upepo miaka na miaka mpaka kusini mwa Serengeti, yakaganda chini ya udongo miti ikashindwa kupenya mizizi, juu ikabaki nyasi fupi zenye madini mengi, na ndo maana nyumbu wanaenda kuzalia kule mwezi wa pili. Kwahiyo ukinambia Lengai ni janga kwa wanyama nitakwambia wanyama wenyewe wanaishi kwa kula hilo janga.

Sisemi mlima ni wa kuchezea. Mwezi wa saba 2007 ardhi ilianza kutikisika kule na ilitikisika wiki kadhaa, tarehe 17 likaja tetemeko la 5.9, Nairobi watu wakakimbia kutoka maghorofani. Magma ilikuwa inajipenyeza chini ya mlima Gelai, upande wa pili, ardhi ikapasuka na kutitia, af Septemba 4 Lengai ikalipuka yenyewe, safari hii sio lava ya kutiririka tena, majivu yalikwenda juu kilomita kadhaa. Wafugaji wa Engare Sero na vijiji vya jirani ilibidi wahamishe mifugo manake nyasi zilifunikwa na majivu, na ng'ombe akila nyasi yenye yale majivu anaumwa. Kwa binadamu na mifugo lile lilikuwa janga, sibishani. Kwa flamingo, lilipita. (Na kuna jambo watu hawalijui, palepale Engare Sero kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400 zimegandia kwenye majivu ya volkano tangu maelfu ya miaka iliyopita, yaani watu wamekuwa wakipita chini ya huo mlima siku zote na bado wapo.)

Kinachoninyima usingizi mimi ni maji baridi, yale matamu ya kunywa.

Ngoja nieleze. Flamingo anajenga kiota cha tope kwenye matope ya katikati ya ziwa, mbali na ufukwe, kichuguu kidogo kilichoinuka, juu yake yai moja tu, siku 28 linaanguliwa. Anakaa kule kwenye joto la kukaanga kwa sababu fisi, mbweha na nyani hawafiki, magadi yanachoma miguu. Hata binadamu. Mwaka 1954 Leslie Brown, mtaalamu wa ndege aliyekuja kuthibitisha kwamba wanazaliana Natron, alijaribu kuwafuata kwa miguu, magadi yakamuunguza miguu vibaya akaishia kulazwa hospitali. Lile tope ndo askari wao.

Ila askari huyo anafanya kazi kwa masharti. Maji yakipungua sana, tope linakauka, fisi anatembea mpaka kwenye viota. Yakizidi, viota vinazama au tope la kujengea halionekani kabisa, na mwaka huo hakuna vifaranga. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zilijaza Natron, flamingo wakahamia ziwa Magadi upande wa Kenya wakazalia kule. Maji ya ziwa hilo ni mazito zaidi, chumvi ikaanza kuganda kwenye miguu ya vifaranga mpaka wamevaa bangili za mawe, hawawezi kutembea wala kufikia maji safi, wakawa wanakufa kwa wingi. Alan Root, mtengeneza filamu za wanyama, na wenzake wakaingia kuwagongea bangili moja moja, kifaranga kwa kifaranga, maelfu wakaokolewa. Kuna waliovalishwa pete za alama msimu ule, na mmoja alikuja kuokotwa Bogoria miongo kadhaa baadaye. Hawa ndege wanaishi sana, ndo maana wanamudu kukosa msimu mmoja, miwili. Sio kukosa mfululizo.

Na sa hizi maziwa ya Bonde la Ufa yamejaa. Nakuru imemeza mageti na misitu ya ukingoni, Bogoria hivohivo. Maji mengi yanazimua magadi, spirulina inapungua, flamingo anahama kutafuta chakula kwingine. Natron yenyewe inategemea sana mto Ewaso Ng'iro ya kusini, unaotoka milima ya Mau, Kenya. Misitu ya Mau ikikatwa mvua inashuka yote kwa mpigo na udongo wake, kiangazi mto unabaki mwembamba, na huko juu mipango ya mabwawa ya umeme imekuwepo miaka mingi. Huwezi kulinda Natron kwa kuweka askari Natron.

Upande wetu kulikuwa na ule mradi wa kiwanda cha magadi, kampuni ya Tata Chemicals na NDC (Shirika la Maendeleo la Taifa), tani 500,000 kwa mwaka, uliopigiwa kelele kuanzia 2006 mpaka Tata wakajitoa 2008. Wengi walizungumzia kelele za mashine na ndege kuogopa, sawa, lakini mimi hoja yangu siku zote ilikuwa kiwanda kinataka maji baridi mengi, na eneo lile maji baridi ni vijito na chemchemi chache ambazo vifaranga wanatembea kilomita nyingi kuzifuata na ndizo hizohizo Wamasai wananyweshea ng'ombe. Bahati magadi yakapatikana kwa wingi Engaruka, serikali ikageuzia macho kule, ingawa habari za Natron huwa zinaibukaibuka tena. Ziwa liko kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhioevu, tangu 2001, ila Ramsar sio uzio, haimzuii mtu kuingia.

Kwa wanaouliza kwenda: njia ni Mto wa Mbu, Selela, Engaruka mpaka Engare Sero, kipindi cha mvua usijaribu na gari dogo. Chukua mwongozaji wa palepale kijijini, usikanyage lile ganda jeupe peke yako hata likionekana gumu, na drone tafadhali acha nyumbani, kundi likiruka ghafla mayai na vifaranga vinabaki juani na marabu, wale korongo wala mizoga, wanangoja hicho tu.